Glavu za umeme, kisukari na siri ya baba

Juni na Julai, asubuhi ya Njombe si ya mchezo. Mji uko juu sana, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kule Kitulo, upande wa Makete, kuna siku nyasi huamka zimefunikwa barafu. Anayetembea kwa miguu hujikunyata ndani ya koti mpaka afike. Anayeendesha pikipiki ana adui wa pili, nao ni upepo. Hewa ikiwa na nyuzi joto 5, na pikipiki ikienda kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba iko kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri. Vidole ndivyo hutangulia kuumia, na vidole hivyohivyo ndivyo vinavyokamata breki.

Mzee mmoja wa huko, mwenye miaka 63, hupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia kila siku kabla jua halijatoka. Ana kisukari kwa miaka mingi. Dawa anameza na kliniki anakwenda, ila hapendi kuulizwa habari hizo kwenye simu. Binti yake mkubwa, anayeishi Ujerumani na mumewe, akipiga na kusema, "Kamwene, baba, mnaendeleaje?" hupata jibu lilelile: "Sisi wazima, mwanangu. Hofu ni kwenu."

Mkwe naye ni mtu wa pikipiki. Huendesha mpaka Novemba, baridi ikiwa kali, akiwa amevaa koti lenye nyaya nyembamba za joto ndani ya kitambaa, zinazochukua umeme wa volti 12 wa pikipiki yenyewe. Koti la namna hiyo linaweza kula wati 70 hadi 90. Pikipiki yake kubwa inamudu mzigo huo. Pikipiki ndogo ya mzee haiwezi. Umeme wake ni wa taa, honi na kuwashia injini, na ikiongezewa koti, betri ingeisha nguvu njiani. Kwa hiyo wakamnunulia glavu zenye betri zake zenyewe, za kuchaji kama simu. Jamaa aliyekuja likizo akazileta.

Mzee alizifurahia mno. Kwenye kila glavu kulikuwa na kitufe kimoja chenye taa ya rangi tatu: kijani kwa joto dogo, njano kwa joto la kati, nyekundu kwa joto kubwa. Siku ya kwanza alianza na kijani, akaona vidole bado vimekufa ganzi. Akapanda njano, ganzi ileile. Akaweka nyekundu, na tangu hapo hakurudi chini.

Wiki ya pili, mkewe alikuwa anamnawisha mikono kabla ya chakula cha mchana akaona malengelenge nyuma ya vidole. Akauliza. Mzee akasema amegusa bomba la moshi la pikipiki. Mama akageuza mkono wa pili, akakuta malengelenge mahali palepale. Bomba la moshi haliunguzi mtu mikono yote miwili kwa kipimo kimoja. "Na maumivu je?" akauliza. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema hasikii kitu.

Mama hakusubiri kesho. Alimpeleka kliniki jioni ileile, na huko ndipo yale aliyokuwa akiyaficha yakatoka. Ganzi ya miguu ilimwanza zaidi ya mwaka mmoja nyuma, kisha ikaja kwenye vidole vya mikono. Ile aliyodhani ni baridi ya asubuhi ilikuwa kazi ya sukari. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na mara nyingi huanza na ile mirefu inayofika miguuni, baadaye ikapanda mikononi. Joto la glavu lisingeweza kuiondoa ganzi hiyo hata kama kungekuwa na taa ya rangi ya nne.

Kuungua kwenyewe hakuhitaji moto. Mwaka 1947, watafiti wa Marekani, Moritz na Henriques, walionyesha kwamba ngozi ikikaa kwenye nyuzi 44 kwa saa 6 hivi inaweza kuungua, na kila nyuzi moja ikiongezeka, muda huo hupungua karibu nusu. Waya wa joto ukiwa kwenye nyekundu unaweza kupita hapo. Mtu mwenye mishipa mizima hatafika mbali, kwa kuwa ngozi itamwambia avue. Mzee alikuwa amenyimwa taarifa hiyo.

Binti alipopigiwa simu alilia, akasema yeye ndiye aliyemuunguza baba yake. Mkwe akauliza swali lingine: "Akifika kituoni, huwa anazizima?" Hakuwa anazizima. Alikuwa akipanga foleni ya kupima maziwa, robo saa au zaidi, taa nyekundu ikiwaka.

Hapo mkwe akaeleza jambo ambalo kitufe hakilisemi. Glavu kama zile hazipimi ngozi ya aliyezivaa. Rangi ya taa huonyesha kiasi cha umeme tu: kwenye nyekundu unapita muda wote, kwenye kijani unakatwa na kurudishwa mara kwa mara. Barabarani, upepo huchukua sehemu kubwa ya joto hilo. Pikipiki ikisimama, upepo nao umekwisha, lakini umeme ni uleule, na joto linajaa ndani ya glavu. Yeye mwenyewe huondoka na joto dogo, huongeza akishaingia barabara kuu, na huzima kila anaposimama kujaza mafuta. Mazoea hayo hayakuwa ndani ya boksi lililokwenda Njombe.

Wala habari ya ganzi haikuwa imefika Ujerumani. Mzee alipobanwa alijitetea kwamba mtoto aliye mbali haongezewi mawazo. Mkewe akamjibu palepale, simu ikiwa wazi: "Basi mtoto amekununulia glavu za mtu mwingine, mwenye vidole vizima."

Vidonda vilichukua wiki tano kupona, kwani kwa mwenye kisukari kidonda kidogo si kidogo. Glavu zikapewa kijana wa jirani anayeendesha bodaboda. Mzee aligoma kuacha kupeleka maziwa, na hakuna aliyemlazimisha. Badala yake fundi wa viti alimshonea mifuko ya turubai inayofungwa kwenye usukani, mkono unaingia humo ukiwa na glavu ya kawaida ya sufu. Haina umeme, na inazuia upepo, ambao ndio hasa uliokuwa ukimmaliza. Ila ganzi inaweza pia kumfanya mtu asijue amekamata breki kwa nguvu kiasi gani, kwa hiyo sasa, kabla ya kuondoka, huzijaribu breki pale uwanjani mkewe akiangalia. Siku ambayo vidole haviitikii vizuri, maziwa hupelekwa na mjukuu.

Mwenye mzazi anayetaka kumtumia nguo za umeme, ziwe za pikipiki au za kulalia, aulize kwanza kama ana kisukari au ganzi. Ikiwa ipo, aulize kliniki kabla ya kununua. Asiye na tatizo hilo avae nguo hiyo juu ya shati jepesi, si moja kwa moja kwenye ngozi, aanze na joto dogo, na azime kila anaposimama. Na yeyote aliyeungua muda huohuo amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta.

Binti naye amebadilisha maswali. Zamani aliuliza "mnaendeleaje", swali ambalo jibu lake lilikuwa tayari kabla hajapiga. Siku hizi anamuuliza baba yake sukari ilisoma ngapi asubuhi, na kama jana alisikia maji ya kuoga yalikuwa ya moto. Mzee hulalamika kwamba amepata daktari wa pili asiyemlipa. Lakini hutaja namba, na akipunguza chumvi kwenye maelezo, mama aliye pembeni huomba simu.