Ukimtoa Nje, Umemwadhibu au Umempa Zawadi?

Wanachuo wenzangu wa elimu, hasa mnaojiandaa kwenda field, naomba tuongee kidogo kabla hamjafunga mabegi. Mambo ya Skinner wengi tunayabeba kwenye desa, tunayamwaga kwenye mtihani, yanaishia hapo. Ukisikia panya na njiwa wa maabara unaona hayatuhusu. Kiukweli yanatuhusu sana.

Kanuni yenyewe ni fupi: tabia huongozwa na kinachoifuata. Mwaka 1968 Baer, Wolf na Risley waliandika makala iliyoipa dira fani ya uchanganuzi tumizi wa tabia. Walitaka ishughulikie tabia zenye maana kwa maisha ya watu, tabia zipimwe kwa kinachoonekana, na mabadiliko yathibitishwe, si kudhaniwa tu.

Panapotuchanganya ni kwenye kiimarishi hasi. Wengi wanadhani ni adhabu. Siyo. Adhabu hupunguza tabia. Kiimarishi hasi huiongeza, kwa sababu humwondolea mtu kero. Ukifunga dirisha kelele za jenereta zikapungua, kesho utalifunga tena.

Field nilipangiwa shule ya kata, hisabati kidato cha pili. Wiki mbili za kwanza nilikaa nyuma ya darasa kumwangalia mwalimu wa somo. Kulikuwa na kijana mmoja anayegonga dawati na kupiga miluzi, na karibu kila kipindi alitolewa nje. Ofisini nikaambiwa, "Madam, huyo mtukutu, fimbo ndo lugha yake."

Nikachora safu tatu kwenye daftari: kilichotangulia, tabia, kilichofuata. Picha ikajitokeza. Mwalimu akieleza, kijana ametulia. Zoezi likiandikwa ubaoni na kila mtu kuambiwa afanye mwenyewe, miluzi inaanza. Kinachofuata? Kivuli cha mwembe, mpaka kengele. Kijana alikuwa hajui kugawanya. Alichoitiwa adhabu kilikuwa kinamwokoa na aibu, na kila siku kilimfundisha kupiga miluzi zaidi.

Nilipokabidhiwa kipindi, nilimpa maswali mawili badala ya kumi. La kwanza nilimfanyia hatua zote isipokuwa ya mwisho, akamalizia. Siku zilivyokwenda nikawa naacha hatua mbili, kisha tatu, msaada ukipungua taratibu. Pia nilimfundisha kunyoosha mkono na kusema, "Madam, nimekwama," ili apate nafuu bila kugonga dawati. Akipatia, nilimsifu kwa jambo mahususi na kwa sauti ya chini, maana sifa za mbele ya darasa zilimfanya ainamishe kichwa.

Sikuona muujiza. Kufikia wiki ya sita fujo zilibaki mara moja au mbili kwa wiki. Jaribio la mwisho alipata 28 kati ya 100. Bado ni kufeli, ila jaribio la kwanza alirudisha karatasi tupu.

Fani hii nayo ina doa lake. Ivar Lovaas, ambaye utafiti wake wa mwaka 1987 uliifanya ivume katika kufundisha watoto wenye usonji, miaka ya nyuma aliwahi kutumia mishtuko ya umeme kwa watoto. Na leo watu wazima wengi wenye usonji wanalalamika kwamba walifundishwa kuonekana "wa kawaida" tu: watazame watu machoni, waache kupunga mikono. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha tabia ya mtoto, jiulize anayenufaika ni nani. Yule kijana angeweza kunyamazishwa kwa fimbo, darasa likatulia, na kugawanya asikujue kamwe.

Najua mtaniambia darasa lina wanafunzi 70. Kweli, huwezi kuchora safu tatu kwa kila mmoja. Chagua mmoja, yule anayetolewa nje kila siku.

Siku naaga, mwalimu mmoja aliniuliza, "Sasa ukiondoka, nani atakaa naye?" Sikuwa na jibu. Mtihani wa upimaji wa kidato cha pili unamsubiri mwisho wa mwaka, nami nimerudi kwenye vimbweta. Huenda mmoja wenu akapangiwa shule ileile. Ukisikia dawati linagongwa, kwanza angalia ubaoni kuna nini.