Honi ya Boti

Mtu wa bara akiulizwa chombo cha baharini kinataka nini, atataja mashine au tanga, nanga, usukani na maboya ya kujiokolea. Sauti hataitaja. Nami simlaumu, kwani hata sisi tuliozaliwa pwani twaisahau, mpaka siku macho yanapotushinda.

Msuka iko kaskazini magharibi ya Pemba, upande wa Ras Kigomasha, ambako mnara wa taa wa chuma umesimama tangu mwaka 1900. Watu wamekaa hapa kwa karne nyingi. Katika magofu ya msikiti wa kale, ndani ya kibla, imechorwa tarehe ya 816 Hijria, yaani mwaka 1414. Magharibi yetu ni mkondo wa Pemba, wenye kina kirefu mno, na wakati wa masika mvua hushuka juu yake kama pazia. Ndani ya pazia hilo mnara ni bure na taa ni bure. Kinachobaki ni sikio.

Mpwa wangu ana boti ya faiba ya futi 26, ambayo huwachukulia wageni kwenda kutazama matumbawe na kuvua kwa mshipi. Katika masika ya mwaka 2017 honi yake ilinyamaza. Ukibonyeza kitufe wasikia "tk", basi. Nilimwambia aitengeneze, naye akacheka: "Mjomba, huku hakuna polisi wa barabarani."

Polisi hakuna, lakini kanuni zipo. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, hukitaka chombo cha mita 12 au zaidi kiwe na honi. Kilicho kidogo zaidi huruhusiwa kifaa kingine chochote chenye sauti ya kufaa, ila hakiruhusiwi kuwa bubu. Mlio mmoja mfupi, wa kama sekunde moja, maana yake nageukia kulia, miwili, kushoto, mitatu, mashine yangu inarudisha nyuma, mitano ya haraka, sikufahamu wakusudia nini. Huo wa mitano naupenda sana, na laiti ungeruhusiwa katika vikao vya ukoo.

Basi mwezi wa Mei tulikuwa tukirudi kutoka upande wa Njao na wageni wanne, mvua ikatufunika. Mpwa wangu alipunguza mwendo, lakini boti haina breki. Mara tukasikia mbele yetu, karibu mno, mlio mzito wa baragumu. Akakata mashine. Ukatupitia ubavuni mtumbwi mmoja, ndani yake mzee na mtoto wa kama miaka tisa, akikumba maji kwa kopo. Mkono ungenyooshwa ungewagusa. Mzee alikuwa ameshika kombe kubwa lililotobolewa ubavuni, kwani baragumu la pwani yetu hupulizwa ubavuni, kama zilivyo siwa za Lamu na Pate. (Makombe hayo siku hizi ni adimu, mengi yamekwenda kupamba kabati za watalii.) Hakututukana. Aliuliza tu: "Wanangu, lenu liko wapi?"

Mpwa wangu hakusema neno mpaka tulipotia nanga.

Kesho yake tuliifungua. Ndani ya honi mna kiwambo chembamba cha chuma, koili na platini. Umeme ukipita, koili huvuta kiwambo. Kiwambo kikivutwa platini huachana na umeme hukatika. Kiwambo hurudi, platini hugusana tena, na hivyo mara mia kadhaa kwa sekunde. Huo ndio mlio. Tulianza na waya. Taa ya kujaribia iliwaka vizuri, lakini hilo si ushahidi wa kutosha: taa hunywa umeme kidogo, honi hunywa mwingi, na waya ulioliwa na chumvi huweza kuitosheleza ya kwanza na kuinyima ya pili. Tulipoumenya tulikuta shaba imegeuka kijani. Tukaipeleka honi moja kwa moja kwenye betri, ikakohoa. Platini tulizipiga msasa, skrubu ya kurekebishia tukaizungusha robo kwa robo. Haikufaa kitu, kwani kiwambo chenyewe kilikuwa kimetoboka kwa kutu.

Mpwa wangu akaenda Konde akarudi na honi ya gari. Ni rahisi, na inalia kwelikweli, lakini kiwambo chake ni cha chuma cha kawaida. Hewa ya bahari ingekimaliza kabla ya masika mengine. Nilimwambia aagize Unguja ile ya boti, yenye kiwambo kisichoshika kutu. Aliagiza, akanuna, maana kwa wiki mbili boti ililala pwani na safari tatu zikampita.

Tuliifunga pamoja na waya mpya uliopakwa bati, maungio tukayatia grisi. Mdomo tuliuelekeza mbele na kuuinamisha kidogo ili maji yasituame, na tukaiweka mbali na dira, kwa kuwa sumaku ya koili huipotosha sindano. Tangu hapo kila asubuhi, kabla wageni hawajapanda, mpwa wangu aliibonyeza mara moja kuijaribu. Siku ya nne bibi mmoja anayekaa karibu na pwani alikuja kwangu kushtaki kwamba kuku wake wameacha kutaga.