Matumaini ya Mkunga na Mstari wa Tahadhari

Kila ifikapo tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, hotuba za wageni rasmi hufuata njia ileile. Huanza na pongezi, hupita kwenye changamoto ambazo Serikali "inazitambua na inaendelea kuzifanyia kazi", kisha hutua kwenye neno wito. Uuguzi ni wito. Mwenye wito hanung'uniki, hakati tamaa, na humpokea mgonjwa kwa tabasamu hata kama tangu asubuhi hajaonja chai. Miaka ya karibuni neno hilo limepata mwenzake: mtazamo chanya. Halmashauri na hospitali huandaa semina za mtazamo chanya kwa watumishi wa afya, na sisi tunaofundisha saikolojia vyuoni huitwa kuziendesha. Nami nimeendesha kadhaa.

Katika wilaya moja ambayo sitaitaja, nilikuwa nikizungumza na watumishi wa zahanati na vituo vya afya. Nilifika mahali pa kueleza kwamba mtu mwenye matumaini huliona tatizo kuwa jambo la kupita, wakati aliyekata tamaa huliona kuwa la kudumu. Mkunga mmoja, mama mtu mzima aliyebakiza miaka michache kustaafu, akanyosha mkono.

"Dokta," alisema (watumishi wa afya huniita hivyo kwa heshima, ingawa udaktari wangu ni wa vitabu na siwezi hata kufunga kidonda), "ukitaka kujua kama mkunga ana matumaini, usimuulize. Kaangalie patografu zake."

"Mama, naomba unieleze kama mtu asiyejua."

Alinieleza kwa dakika kumi, na ukumbi ulimsikiliza yeye kuliko ulivyonisikiliza mimi.

Patografu ni chati ya uchungu wa uzazi. Mkunga huandika humo mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, na huweka alama ya kufunguka kwa mlango wa kizazi kadiri saa zinavyosonga. Chati ina mistari miwili ya mshazari: mstari wa tahadhari na, saa nne mbele yake, mstari wa hatua. Mistari hiyo haikuletwa kutoka Ulaya. Iliwekwa na madaktari Philpott na Castle, waliochapisha kazi yao mwaka 1972 kutokana na uzoefu wa hospitali ya mji ambao leo ni Harare. Walikuwa na tatizo tunalolifahamu: wakunga peke yao katika vituo vya mbali, madaktari wachache mjini, na akina mama waliofikishwa hospitali wakiwa wamechelewa. Alama zikivuka mstari wa tahadhari, mkunga wa kituoni anajua kwamba muda wa kumsafirisha mama umefika. Zile saa nne kati ya mstari na mstari ni muda wa safari.

Kwa hiyo aliyebuni chati hii alichukulia kwamba, ng'ambo ya mstari wa tahadhari, kuna gari.

"Sasa wewe chora mstari umevuka," mama yule aliendelea, "piga simu, uambiwe gari liko matengenezo. Siku nyingine lipo, mafuta hakuna. Siku nyingine limemsindikiza mgeni. Mara ya nne, ya tano, mkono wenyewe unakuwa mzito."

Mkono ukiwa mzito, chati hujazwa mtoto akishazaliwa, alama zikipangwa vizuri zisivuke popote. Si siri kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi au kusimamia leba. Msimamizi akizikuta chati hizo safi kupita kiasi huandika "uzembe" katika taarifa yake, na wakati mwingine yuko sahihi. Wazembe wapo, kama walivyopo vyuoni kwetu. Lakini aliyefundishwa kuona hatari, akaiona, akaitolea taarifa, na lisifanyike lolote, amejifunza kitu kingine kabisa. Amejifunza kwamba kuona hakuna faida. Na kuona hatari ambayo huwezi kuizuia ni maumivu, ambayo mtu huyakwepa kwa kutotazama.

Saikolojia ina historia yake juu ya jambo hili. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walichapisha nchini Marekani majaribio yaliyofanywa kwa mbwa. Mbwa waliopigwa na umeme bila njia ya kuuzuia, walipowekwa baadaye mahali ambapo ingetosha kuruka kizuizi kifupi ili wajinusuru, wengi walilala wakauvumilia. Watafiti wakasema wanyama hao wamejifunza unyonge. Vizazi vya wanafunzi vimefundishwa hivyo. Mwaka 2016, wakitegemea miongo ya uchunguzi wa ubongo, watafiti haohao waliandika kwamba nadharia ilikuwa imekaa kichwa chini. Unyonge haujifunzwi, ndilo jibu la kwanza la kiumbe chochote kinapoteseka kwa muda mrefu. Kinachojifunzwa ni kinyume chake, yaani kwamba kitendo changu kinabadilisha kitu.

Laiti waandaaji wa semina wangelisoma hilo. Mtumishi aliyevunjika moyo hana upungufu wa maneno mazuri kichwani. Amekosa mafunzo, na mafunzo yenyewe hayatolewi ukumbini. Hutolewa saa nane usiku, anapopiga simu na gari likaja.

Nitaulizwa: mbona katika zahanati moja, chini ya upungufu uleule, muuguzi mmoja ana moyo na mwenzake hana? Ni kweli. Tabia, malezi na imani vina sehemu yake, na namheshimu anayejikaza pale ambapo mimi nisingeweza. Lakini utumishi wa umma haujengwi juu ya watu wa pekee. Tena sina hakika kwamba tunamtaka mkunga mchangamfu anayeamini kila jambo litakwenda vizuri. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua huokolewa na mtu mwenye wasiwasi, anayerudi kumtazama tena hata pale kila kitu kinapoonekana shwari. Kazi hii humfundisha mtu kushuku, na mashaka hayo hayana budi kuegemea mahali.

Siku ile ukumbi uligawanyika tulipofika kwenye namba 115. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, una utaratibu mwepesi kuueleza: unapiga simu bila malipo, mpokeaji anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anampata dereva wa kawaida aliyesajiliwa katika jamii, ambaye hulipwa kwa kazi hiyo. Mama yule alisema tangu utaratibu huo ufike kwao anachora mapema, kwa sababu kuna mtu anapokea. Kijana mmoja wa zahanati ya mbali alipinga: masika barabara yao hukatika, na dereva hata akilipwa hawezi kuvuka mto. Hawakubishana kuhusu mtazamo. Walibishana kuhusu mto, nami nikakaa chini.

Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Wataalamu wa takwimu wana mjadala wao juu ya makadirio hayo, na sababu za kushuka ni nyingi. Majukwaani, hata hivyo, tarakimu hizo zimekwisha kuwa mali ya viongozi, wakati mchoraji wa chati bado anaambiwa ajitahidi kuwa chanya.

Kiswahili hutofautisha kutumaini na kutumainia. Mtu anaweza kutumaini peke yake gizani. Kutumainia kunahitaji mwingine: dereva, bohari, mganga mfawidhi, afisa utumishi. Wasomaji wangu walio katika halmashauri ndio hasa wanaotumainiwa, na mengi yaliyo mikononi mwao hayahitaji fedha mpya. Mwaka 2016 upandishaji wa madaraja ulisitishwa kupisha uhakiki wa watumishi, na wapo ambao hesabu ya madaraja yao haijakaa sawa hadi leo. Orodha ya posho za zamu inaweza kubandikwa ukutani ili kila mtu aone jina lake liko wapi. Gari likiharibika, vituo vinaweza kuarifiwa asubuhi, mkunga asigundue usiku akiwa na mama mkononi.

Na barua zinaweza kujibiwa. Wakati wa chakula mama yule alinionyesha kwenye simu nakala ya barua yake ya kuomba daraja lake lirekebishwe, yenye muhuri wa kupokelewa. Ilikuwa na miaka mitatu. Alisema asingechukia kama wangemjibu kwamba haiwezekani.