Klose Hakupunguza Umri

Hapa Isiolo, kijana akifika miaka 20 bila kuitwa na timu yoyote ya maana, huanza kuambiwa aache mpira atafute pikipiki. Kuna na ushauri mbaya zaidi: apunguze umri. Nimewahi kumsikia kocha akimweleza mchezaji mwenye ndevu kwamba kuanzia siku hiyo ana miaka 16. Hakuna aliyecheka.

Ndiyo maana simwachi Miroslav Klose, mshambuliaji wa zamani wa Ujerumani. Alizaliwa Opole, Polandi, mwaka 1978, akahamia Ujerumani na wazazi wake akiwa na miaka minane, Kijerumani hakijui. Akasomea useremala. Hadi 1998 alikuwa akichezea Blaubach-Diedelkopf, timu ya kijijini ya daraja la saba. Bundesliga aliionja kwa mara ya kwanza mwaka 2000, na 2002, katika Kombe la Dunia kule Korea Kusini na Japani, akafunga mabao matano, yote kwa kichwa.

Lakini nisimdanganye kijana wa Bula Pesa, hapa Isiolo. Babake Klose alikuwa mchezaji wa kulipwa, aliwahi hata kuchezea Auxerre ya Ufaransa, klabu ambayo Dennis Oliech, mshambuliaji wetu wa Kenya, alikuja kuichezea. Mamake alicheza mpira wa mikono katika timu ya taifa ya Polandi. Tena daraja la saba la Ujerumani lina ratiba, lina refa, na kuna anayeandika nani kafunga. Kwetu mtu anaweza kufunga msimu mzima, na ukiuliza ushahidi unaelekezwa kwa waliokuwepo.

Bao lake ninalolipenda ni la Julai 8, 2014, nusu fainali dhidi ya Brazil. Huku ilikuwa saa tano usiku, tena Ramadhani; watu walitoka tarawehe wakaingia kwenye televisheni, wengine wakaunganisha na daku. Dakika ya 23 Klose alipiga, kipa akautema, naye akaumalizia palepale. Bao la kawaida kabisa! Lilikuwa la 16 kwake katika Kombe la Dunia, akampita Ronaldo wa Brazil akiwa na miaka 36. Mchezo ukaisha 7-1. Wapo wanaosema alibahatisha mipira iliyotemwa. Bahati ya kuwepo pale mpira unapotemwa, katika fainali nne mfululizo za Kombe la Dunia, mimi naiita kazi.

Na kuna lile jambo ambalo vijana wetu hulikataa katakata. Mwaka 2005, akiwa Werder Bremen, alipewa penalti dhidi ya Arminia Bielefeld, akamwambia refa hakuchezewa rafu. Ikafutwa. Septemba 2012, sasa yuko Lazio, aliifunga Napoli mapema, na refa akalikubali bao. Klose akakiri kwamba mpira ulimgusa mkono. Bao likafutwa, Lazio wakapigwa 3-0.

Nikisimulia hili la Napoli, swali huwa ni lilelile: klabu haikumfukuza? Haikumfukuza. Mei iliyofuata aliifunga Bologna mabao matano katika mechi moja, na Lazio akabaki hadi 2016, alipotundika viatu.