Lugha Tatu Katika Akili Moja

Methali husema kuwa mshika mawili moja humponyoka. Ni kweli kwa mikono, walakini si kweli daima kwa akili. Mtoto wa Mombasa husema Kimvita nyumbani, Kiingereza shuleni, na husoma Kiarabu chuoni, wala hasimami njiani kujiuliza neno lipi ni la wapi. Kila lugha ina mlango wake na watu wake. Nadhani siri hiyo yafaa pia kwa lugha zisizo na kinywa, yaani lugha za kuamuru kompyuta.

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili. Nilipokwisha kupita miaka arobaini, haja ilinishurutisha kujifunza lugha tatu za namna hiyo kwa pamoja: Python ya kuhesabia maneno katika maandiko, R ya kupimia hesabu hizo kwa takwimu, na JavaScript ya kuonyeshea matokeo katika kurasa za intaneti. Umri wao wakaribiana. Python ilitolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, JavaScript ilitungwa na Brendan Eich mwaka 1995, na R ilizaliwa Auckland, New Zealand, katika miaka hiyo ya 1990.

Maneno yasiyofanana hayamchanganyi mtu. Yanayofanana ndiyo humpoteza. Mtu wa Mombasa akisema "ndoo" amemwita mwenzake aje; mtu wa Unguja husikia chombo cha maji. Hali ni hiyo hiyo hapa. Python huhesabu vitu vya orodha kuanzia 0, R huanzia 1. Ukiandika -1 katika mabano mbele ya orodha, Python hukupa kitu cha mwisho. R huondoa kitu cha kwanza na kukupa vyote vilivyosalia. Ukijumlisha herufi "5" na namba 2, Python hukataa kwa kelele. JavaScript hukupa 52 kwa upole.

Kosa lipigalo kelele ni rafiki. La kuogopwa ni lile linyamazalo. Hesabu ya maneno ikipotoka kwa nafasi moja, kurasa hujaa namba safi, na mwanachuoni aweza kudai juu ya lugha ya watu jambo ambalo watu hao hawakulisema kamwe. Uongo huo huvaa heshima ya namba, na wanafunzi huurithi kwa nia njema.

Kwa sababu hiyo nilijiwekea kanuni nne. Ya kwanza, kila lugha niliipa kazi yake, wala sikuwapa wawili kazi ya mmoja. Ya pili, sikuzisoma katika kikao kimoja: asubuhi ilikuwa ya moja, jioni ya nyingine. Ya tatu, niliweka daftari lililopangwa kwa maana na si kwa alama. Upande wa kushoto niliandika nitakalo kusema, kama vile "kitu cha kwanza" au "kitu cha mwisho", na mbele yake jinsi kila lugha isemavyo. Ya nne, kabla ya kuiuliza kompyuta nisilolijua, niliiuliza ninalolijua. Niliipa sentensi ya maneno matano, na jibu likiwa manne au sita, nilijua kuwa desturi ya lugha moja imeingia katika nyumba ya nyingine.

Mswahili si mgeni wa mambo haya. Mshale wa saa huelekea 7, naye husema saa moja asubuhi, wala hachelewi. Hakai akatoa sita kila atazamapo. Mazoea yamemfanyia hesabu. Ni mazoea ya namna hiyo ambayo mwanafunzi wa lugha nyingi apaswa kuyatafuta, na hayapatikani kwa pupa. Basi mwenye haja ya lugha tatu asiogope wingi wao. Azipe kila moja heshima ya mwenyeji, na mgeni afuate desturi za nyumba aliyoingia.