Mfereji wa Baba

Hapa Mkwawa, Iringa, tunafundishwa kuanza somo na kile mwanafunzi anachokijua. Mwanafunzi wangu mgumu kuliko wote ni baba, mkulima wa Uyole, Mbeya. Tangu awekewe stenti kwenye moyo pale Taasisi ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, anapanda mlima bila kuhema. Sasa anataka kuacha vidonge, hela inunue mbolea.

Nikampigia. "Baba, stenti ni kibomba cha wavu wa chuma. Kimetanua mshipa uliozibwa na mafuta, damu inapita. Ila mshipa ni kama mfereji wa udongo: ukiuzibua, majani huota tena kingoni. Nyama ya kovu inaweza kupenya kwenye wavu, njia ikasinyaa upya."

"Si walisema chuma kimepakwa dawa?"

"Ndiyo, inazuia nyama isiote kupita kiasi. Lakini inachelewesha pia ngozi laini ya mshipa kufunika chuma. Damu ikikutana na chuma kitupu inaweza kuganda ghafla. Vidonge vinazuia hilo. Usiache mpaka daktari aseme."

Kimya. Kisha akakubali, kwa sharti: bumu likitoka, nauli yake ya kliniki ni juu yangu.