Chagua Ua Linaloweza Kukungoja: Bustani za Nyumbani Marabo



Ukitoka Bunia na kufuata barabara ya Komanda, utapita Marabo, katika teritwari ya Irumu. Wewe unayekaa Mongbwalu, Kilo au Durba, labda ulipita hapo ndani ya gari bila kuangalia sana. Leo tushuke kidogo. Tusimame mbele ya nyumba na tuulize: ni maua gani yanafaa kupandwa hapa, yakae miaka mingi?

Ua la kudumu si kama mahindi. Mahindi unapanda, unavuna, yamekwisha. Ua la kudumu linaacha mizizi yake hai chini ya udongo. Jua la mwezi wa 12 hadi wa 2 linakausha majani, halafu mvua ya mwezi wa 3 inaliamsha tena. Kwa familia ya mchimbaji jambo hili ni la maana. Baba anaondoka kwenda machimboni, anakaa huko miezi. Mama ana shamba la mihogo, ana watoto, ana maji ya kuchota mbali. Nani atamwagilia maua kila jioni? Basi chagua ua linaloweza kukungoja.

Labda umeona katika kitabu au katika simu picha ya ua linaloitwa ekinasea. Katikati lina kichwa kigumu chenye miiba kama nungunungu, na petali zake za rangi ya zambarau zinainama chini. Ni ua zuri kweli! Kwao ni Amerika ya Kaskazini, kwenye mbuga za majani. Siku hizi wakulima wa maua wanauza aina nyingi: nyeupe, njano, rangi ya chungwa, hata zenye petali nyingi juu ya petali.

Je, litafaa Marabo? Sikia kwanza desturi yake. Kwao kuna majira ya baridi kali. Wakati huo linalala, na mbegu za aina zake nyingi hazioti vizuri mpaka zimepita katika baridi. Tena linachanua vizuri siku zikiwa na mwanga wa saa 13 hadi 15. Marabo iko karibu sana na ikweta: mwaka mzima mchana wetu ni karibu saa 12 tu. Kwa hiyo unaweza kulitunza vizuri na bado likakupa majani mengi na maua machache. Hapo kosa si lako wala si la udongo. Ua lina nchi yake.

Ukipewa mbegu na bado unataka kujaribu, chukua ile aina ya kawaida ya zambarau. Mbegu zake haziombi baridi nyingi kama za ndugu zake, na mizizi yake myembamba inakubali kuhamishwa. Zile za rangi ya chungwa ni za kuchanganywa. Mbegu zake hazizai mtoto anayefanana na mama. Zile zenye petali nyingi hazina chakula kingi kwa nyuki. Panda penye jua, mahali ambapo maji hayatuami. Tena, mama, usidanganywe na muuza dawa: wataalamu walioipima ekinasea kwa mafua hawakuona nguvu kubwa, na si dawa ya malaria. Mtoto akiwa na homa, mpeleke kwenye kituo cha afya.

Sasa tuangalie ndugu zake wanaokubali hali yetu. Wa kwanza ni titonia, ile alizeti mwitu yenye maua ya njano. Ilitoka Meksiko na Amerika ya Kati. Kata fimbo, ichomeke wakati wa mvua, itashika. Inafanya ua wa lupango, na majani yake ni mbolea: katika kilo 100 za majani makavu mna karibu kilo 3 na nusu za azoti, ile inayolisha mimea. Wakulima wa magharibi ya Kenya wanayakata mabichi na kuyafukia shambani. Lakini ikate kabla mbegu hazijakomaa, la sivyo itavamia shamba la jirani.

Wa pili ni jerbera, yenye asili ya Afrika Kusini. Ni fupi, inafaa mbele ya mlango, na shina moja unaligawa kuwa mengi. Nje ya ukoo huo kuna kana, yenye viazi chini: ipande pale maji ya kuogea yanapomwagika. Kuna pia vinka, inayovumilia jua sana. Hiyo usiichemshe kunywa, ni sumu, ingawa katika viwanda inatoa dawa ya kansa. Na lantana iache, hasa kama una ng'ombe. Majani yake yanawadhuru.

Kijana, labda unasema: maua ni kazi ya watu wenye amani. Ni kweli kwamba Ituri imejua kukimbia. Katika vita vya 1999 hadi 2003 vijiji vingi vilibaki bila watu, na Nyankunde, si mbali na Marabo, hospitali ilishambuliwa mwezi wa 9 mwaka 2002, watu wengi wakauawa. Nyumba ya udongo isiyokaliwa inaanguka baada ya mvua chache. Lakini kana haingoji fundi. Viazi vyake vikibaki chini, vinachipuka peke yake, na anayerudi anajua mlango ulikuwa upande gani.

Huhitaji dola hata moja. Mvua ya mwezi wa 3 ikianza, au ile ya mwezi wa 8, nenda kwa jirani, omba fimbo mbili za titonia na kiazi kimoja cha kana. Mwaka ujao utakuwa na vya kumgawia mwingine.